Shajara ya mradi: kukamata makosa ya wakati

Siku ya 1

Nimeanza leo. Lengo naliandika hapa juu kabisa ili lisinipotee huko mbele: programu ndogo inayosoma sentensi moja ya historia, ikatambua mtu aliyetajwa na kitu kilichotajwa, kisha ikasema kama wawili hao waliweza kukutana.

Sentensi ya kwanza niliyoiandika ni hii: "Christopher Columbus alitazama ufuo kwa darubini." Haiwezekani. Columbus alifariki mwaka 1506, na darubini inaonekana kwenye kumbukumbu mwaka 1608, pale fundi wa miwani Hans Lippershey alipoomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, huko Uholanzi. Kati yao kuna zaidi ya miaka mia moja. Lakini michoro ya Columbus akiwa sitahani, darubini mkononi, imetapakaa, na mtu akishauona mchoro wa namna hiyo utotoni haumtoki. Ndiyo maana kazi hii naipenda. Kosa la wakati huingia kichwani bila kupiga hodi, na likishakaa huleta na wenzake: anayeamini Columbus alikuwa na darubini hawezi kuelewa kwa nini baharia wa wakati ule alimtegemea sana kijana mwenye macho makali aliyepandishwa juu ya mlingoti.

Majedwali ni mawili. La watu lina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. La vitu lina mwaka wa uvumbuzi. Kanuni ni moja tu: kitu kikija baada ya mtu kufa, ni kosa. Nimejaribu sentensi 20 na zote zimejibiwa sawa. Newton na telegrafu, kosa. Napoleon na treni ya abiria kati ya Liverpool na Manchester, kosa, kwa kuwa yeye alifariki 1821 na njia ile ilifunguliwa 1830. Galileo na darubini, sawa.

Nimelala na furaha.

Siku ya 3

Programu inasema Augustus, mtawala wa Roma, alikufa akiwa na miaka 77. Alikuwa na 75.

Nilidhani nimeingiza tarehe vibaya, nikazikagua mara mbili. Zilikuwa sahihi: alizaliwa 23 Septemba 63 K.K., akafa 19 Agosti 14 B.K. Mwishowe nikaacha kompyuta, nikachora mstari kwenye karatasi na kuhesabu kwa kidole. Programu ilijumlisha 63 na 14 ikapata 77, kama mtu yeyote angefanya. Ila hakuna mwaka wa sifuri. Mwaka 1 K.K. unafuatwa moja kwa moja na mwaka 1 B.K., kwa hiyo unatoa mmoja, unabaki na 76. Na kwa kuwa alikufa mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza mwaka mwingine, unatoa mmoja tena. 75.

Sasa miaka ya kale naihifadhi hivi: 1 K.K. ni 0, 2 K.K. ni -1, na 63 K.K. ni -62. Msomaji hataiona hesabu hiyo, ila bila yake kila mtu aliyevuka mpaka ule angeongezewa mwaka.

Kalenda nazo zimenila mchana mzima. Kuna maneno yanayopendwa sana kwamba Newton alizaliwa mwaka uleule aliokufa Galileo, kana kwamba mmoja alimpokeza mwenzake kijiti. Galileo alikufa 8 Januari 1642, kwa kalenda ya Gregori iliyokuwa ikitumika Italia. Newton alizaliwa 25 Desemba 1642, kwa kalenda ya Julius iliyokuwa bado inatumika Uingereza. Ukiwaweka wote kwenye kalenda moja, Newton anaangukia 4 Januari 1643. Uingereza ilibadili kalenda mwaka 1752 tu, ikaruka kutoka 2 Septemba hadi 14 Septemba. Nimeamua tarehe zote kuanzia 1582, mwaka kalenda ya Gregori ilipoanza, ziingie kwa kalenda hiyo, na pembeni pawe na alama inayoonyesha tarehe ipi imegeuzwa.

Siku ya 8

Kanuni yangu ya siku ya kwanza imevunjika, tena kwa sentensi nyepesi: "Darwin aliwapiga picha kobe wa Galápagos." Programu imejibu kwamba yawezekana.

Ukiifuata kanuni, haijakosea. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839, na Darwin aliishi hadi 1882. Yeye mwenyewe alipigwa picha uzeeni, na zile ndevu zake nyeupe tunazijua kwa sababu hiyo. Lakini Galápagos alifika 1835. Meli ya Beagle iliondoka Uingereza mwishoni mwa 1831 na kurudi Oktoba 1836, na wakati wote huo hapakuwa na kamera ya kumpa mtu aende nayo safarini.

Kwa hiyo kulinganisha kitu na maisha ya mtu hakutoshi. Maisha ni marefu. Mtu wa miaka 70 amepita katika dunia tatu au nne, na sentensi humkamata kwenye dakika moja tu ya safari hiyo. Kinachotakiwa ni dakika ile.

Mfano mwingine umekuja jioni nikiwa naosha vyombo, nikauandika mikono ikiwa bado mibichi. Stetoskopu ilianza na daktari Laennec, hospitali ya Necker jijini Paris, mwaka 1816, alipokunja karatasi kuwa bomba na kuliweka kifuani mwa mgonjwa. Vita vya Waterloo vilikuwa 18 Juni 1815. Daktari aliyempima Napoleon kwa stetoskopu kambini Waterloo ni kosa. Daktari huyohuyo akimpima Napoleon huyohuyo uhamishoni Saint Helena, ambako aliishi hadi Mei 1821, hapo kosa la tarehe hakuna.

Nimeongeza jedwali la tatu: matukio. Kila sentensi yenye safari, vita, mkutano au mji sasa inatafutiwa mwaka wake kwanza, na maisha ya mtu yanatumika pale tu tukio linapokosekana.

Siku ya 9

Kuingiza matukio. Hakuna jipya.

Siku ya 14

Wiki nzima nimekuwa nikigombana na safu moja ya jedwali, ile yenye kichwa "mwaka wa uvumbuzi". Nimefikia kuona kwamba safu hiyo haina maana kama ilivyo.

Chukua picha. Picha kongwe ya kamera iliyobaki ni ya Niépce, ya mwaka 1826 au 1827. Mbinu ya Daguerre ilitangazwa 1839. Niandike upi? Balbu ya umeme ndiyo mbaya zaidi: watu humtaja Edison na 1879, wakati Swan alikuwa akifanya kazi hiyohiyo Uingereza, na mwanga wa umeme wenyewe Humphry Davy alikuwa ameshauonyesha mwanzoni mwa karne ile. Injini ya mvuke hupewa James Watt, ilhali ya Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, na Watt alianza kwa kutengeneza modeli ya injini hiyohiyo ya Newcomen iliyokuwa mbovu.

Nimeigawa safu hiyo mara tatu. Ya kwanza ni wazo au mchoro. Ya pili ni siku kifaa kilipofanya kazi kweli. Ya tatu ni wakati watu wa kawaida wangeweza kukikuta mahali. Leonardo da Vinci alichora parachuti. Hiyo ni safu ya kwanza. Mtu kushuka salama kutoka angani, akining'inia kwenye parachuti baada ya kuachana na puto, ni Garnerin, Paris, Oktoba 1797. "Leonardo alichora parachuti" ni kweli, na "Leonardo aliruka na parachuti" ni uongo, na kinachozitenganisha ni kitenzi tu.

Kisha kuna faksi. Alexander Bain alipata hataza ya mashine ya kutuma maandishi kwa waya mwaka 1843. Mashine ya Caselli ilianza huduma kati ya Paris na Lyon mwaka 1865, mwaka aliouawa Lincoln. Kwa safu ya kwanza Lincoln na faksi waliishi pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Kwa safu ya tatu hawakukaribiana hata kidogo. Programu sasa ina majibu matatu badala ya mawili: haiwezekani, yawezekana, na yawezekana ila haielekei. Hilo la tatu nilikuwa naliogopa kwa sababu linaonekana kama kukwepa swali. Nimebadili mawazo. Historia ina vitu vingi vilivyokuwepo bila kumfikia mtu.

Siku ya 19

Kumbe wakati peke yake hautoshi. Nilikuwa nikiandika sentensi za karne ya 19, nikaandika hii bila kufikiri sana: "Chuma na Susi walituma telegramu kutoka Bagamoyo kwenda London kutoa habari za kifo cha Livingstone."

Livingstone alifariki 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiwemo Chuma na Susi, waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi pwani, na walifika Bagamoyo Februari 1874. Telegrafu ya Morse ilikuwa imeunganisha Washington na Baltimore tangu 1844. Waya wa kudumu ulikuwa umetandazwa chini ya Atlantiki mwaka 1866. Ukiangalia miaka mitupu, telegramu ile ni jambo rahisi kabisa. Lakini waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879. Siku wale watu walipoushusha mwili ule mabegani, hapakuwa na waya wowote katika pwani ile.

Nimeiacha sentensi hiyo kwenye mkusanyo, na nimeipa uzito kuliko nyingine zote za wiki hii. Mtu anayeipitisha bila kustuka ameipoteza safari yenyewe. Miezi ile tisa ya kutembea ndiyo habari, na telegramu ya kubuni inaifuta.

Kwa hiyo kila kitu sasa kina mahali. Marco Polo amenisaidia kupima. Nchini China, chini ya Kublai Khan, noti za karatasi zilikuwa fedha halali, naye alizieleza. Barani Ulaya noti za benki zilianza Sweden mwaka 1661. "Marco Polo alishika noti ya karatasi" inahitaji swali moja tu: wapi? Mikononi mwa wafanyabiashara wa China, sawa. Sokoni Venice baada ya kurudi mwaka 1295, kosa.

Siku ya 24

Leo nimewapa watu wanne sentensi 40 bila majibu, wazipige alama wenyewe. Nilitaka kuona binadamu wanakosea wapi, ili nijue programu inahitajika wapi.

Makosa ya kupitisha uongo yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Yaliyoniumiza ni ya upande wa pili. Waliyahukumu mambo ya kweli kuwa ya uongo, na walifanya hivyo kwa kujiamini. Mashine ya kutumbukiza sarafu upate maji ya kutawadha hekaluni: Hero wa Alexandria aliieleza katika karne ya 1, na wote wanne waliweka alama ya kosa. Chombo cha shaba chenye magurudumu ya meno zaidi ya 30, cha kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, enzi za Cicero, Roma ya karne ya 1 K.K.: wote wanne, kosa. Chombo hicho kilitolewa baharini karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, mwaka 1901, na kimehifadhiwa hadi leo. Nyambizi katika mto Thames chini ya mfalme James I wa Uingereza: kosa, wakasema. Mvumbuzi Mholanzi Drebbel aliijaribu hapo miaka ya 1620, ikisukumwa kwa makasia.

Roketi ilinishangaza kidogo. "Tipu Sultan alipigana na Waingereza kwa roketi" iliwachekesha. Mtawala huyo wa Mysore, kusini mwa India, alifariki mwaka 1799 akiulinda mji wake mkuu Srirangapatna, na majeshi ya Mysore yalikuwa na roketi za mirija ya chuma zilizowatisha Waingereza kiasi kwamba walizichukua na kuziiga. Miaka michache baadaye, 1807, Waingereza wenyewe waliishambulia Copenhagen kwa roketi.

Nilimuuliza mmoja wao kwa nini alikuwa na uhakika. Akanijibu, "Linasikika la kisasa." Basi tatizo ni sikio. Tunapima umri wa kitu kwa sauti ya jina lake. Sikio hilohilo lingesema kiberiti cha njiti ni kikongwe kuliko kifaa cha kuwashia moto kwa gesi, wakati taa ya Döbereiner, iliyowasha hidrojeni kwa platinamu, ilikuja 1823, na njiti za kusugua za John Walker zikafuata 1826. Na lingekataa "betri" kinywani mwa Benjamin Franklin, aliyekufa 1790, miaka kumi kabla Volta hajaieleza betri yake. Franklin mwenyewe ndiye aliyelitumia neno hilo kwa mitungi ya Leyden, ile ya kuhifadhi umeme, aliyoipanga pamoja, kwa mfano wa mizinga iliyopangwa safu moja vitani.

Kumdhulumu mtu wa kale kwa kumnyima alichokuwa nacho ni kosa la wakati pia. Kuanzia leo nusu ya mkusanyo itakuwa sentensi za kweli zinazosikika kama uongo.

Siku ya 27

Vitu hufa vilevile. Nilikuwa nimeandika mwanzo wa kila kitu bila mwisho wake.

Sanamu kubwa ya Rhodes iliangushwa na tetemeko karibu mwaka 226 K.K. Julius Caesar alikwenda Rhodes kusomea ufasaha wa kuhutubia, karne na nusu baadaye. "Caesar aliitazama sanamu ya Rhodes" ni sawa kabisa, kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimelala chini na watu walikwenda kuvitazama. "Caesar aliitazama sanamu ya Rhodes ikiwa imesimama" ni kosa. Mnara wa taa wa Alexandria ndio mzuri zaidi kwa jedwali hili kwa kuwa haukufa siku moja. Ibn Battuta aliuona mwaka 1326 upande mmoja ukiwa umebomoka, na aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuufikia mlango wake.

Safu ya mwisho imeongezwa. Baadhi ya vitu vina mwisho wa tarehe, vingine vina mwisho wa pole pole.

Siku ya 31

Nilidhani nimemaliza majedwali. Leo nimeanza kupitisha sentensi ndefu, zilizoandikwa na watu wengine, na programu imeanza kuona makosa yasiyokuwepo. Yote yanatokana na maneno. Majedwali yangu yako sawa. Kiswahili ndicho kinachobeba karne kadhaa ndani ya neno moja.

Ya kwanza ilikuwa kiberiti. Sentensi ilisema kwamba volkano ya Vesuvius, Italia, ilipolipuka mwaka 79 B.K. watu walisikia harufu ya kiberiti kabla ya moto. Pliny mdogo ameandika hivyo katika barua juu ya kifo cha mjomba wake. Programu ikapiga kelele: kiberiti ni cha 1826! Kumbe kiberiti ni madini ya salfa kabla ya kuwa njiti, na hata leo anayesoma Mwanzo sura ya 19 hafikirii kisanduku cha njiti zikinyesha juu ya Sodoma.

Risasi nayo ni hivyohivyo. "Mafundi wa Roma walilaza mabomba ya risasi" imehukumiwa kosa, kwa sababu nilikuwa nimeiunganisha risasi na bunduki. Mabomba yao ya maji yalikuwa ya madini ya risasi kweli. Tena wapiga kombeo wa majeshi ya Roma walirusha vidonge vilivyomiminwa kwa risasi, vingine vikiwa na matusi yameandikwa juu yake. Kwa hiyo askari wa Roma alirusha risasi, kwa maana zote mbili za neno, bila baruti.

Karatasi ilinisimamisha kwa muda. Cleopatra hakuandika kwenye karatasi. Aliandika kwenye mafunjo. Kumbukumbu za China zinampa Cai Lun heshima ya kuionyesha karatasi mbele ya mfalme mwaka 105 B.K., na ilichukua karne nyingi kufika Misri. Lakini neno lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka Kigiriki, ambako lilimaanisha ukurasa wa mafunjo. Yaani neno ni kongwe kuliko kitu tunachokiita kwalo. Nimelihifadhi jibu kama kosa, na maelezo yake nimeyaandika kwa upole.

Simu: wazee walisema "amepeleka simu" wakimaanisha telegramu. Lincoln alikaa saa nyingi katika ofisi ya telegrafu ya Wizara ya Vita, akisubiri habari za mapigano. "Lincoln aliisoma simu mara mbili" ni Kiswahili kizuri cha zamani na ni historia ya kweli. "Lincoln aliisikia sauti ya jenerali kwenye simu" ni kosa, kwa kuwa simu ya Bell ni ya 1876.

Na saa. Shakespeare aliiweka saa inayogonga katika tamthilia yake ya Julius Caesar, na mfano huo hutajwa kila panapozungumzwa makosa ya wakati. Kwetu neno saa ni kipimo, ni chombo, na ni wakati wenyewe. Caesar aliitazama saa? Roma ilikuwa na saa za kivuli na saa za maji. Saa iligonga mara tatu? Hapo ndipo kosa linapoingia, kwa sababu saa za mitambo zinazogonga idadi ya saa zilienea kwenye minara ya Ulaya katika karne ya 14. Neno saa halina hatia. Mwenye hatia ni "iligonga".

Siku ya 32

Nimempelekea Mwalimu sentensi 60. Alifundisha historia hadi alipostaafu, na ndiye aliyenifundisha mimi. Amenipigia simu jioni.

"Umeweka alama ya kosa kwenye Leonardo na ndege," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Leonardo alikufa 1519. Ndege ya Wright iliruka 17 Desemba 1903."

"Nisomee sentensi yenyewe, mwanangu. Polepole."

Nikaisoma: "Leonardo alikaa kilimani akimtazama ndege hadi alipotua."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kisha nikaisoma tena kimoyomoyo. Akimtazama. Alipotua.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesikia. Anayetazamwa ni kiumbe mwenye mbawa na manyoya. Ingekuwa chombo cha chuma, mwandishi angesema "akiitazama ndege hadi ilipotua". Leonardo aliwachunguza ndege kwa miaka, na ameacha daftari zima juu ya namna wanavyoruka. Sentensi ni ya kweli, na ukweli wake umebebwa na herufi moja katikati ya kitenzi.

Siku ya 34

Siku mbili za msimbo, na nimezifurahia kuliko zote. Programu sasa inatazama viambishi kabla ya kulitazama neno. Ikikuta ndege na "m", "wa" au "yule", ni kiumbe. Ikikuta ndege na "i", "zi" au "ile", ni chombo, na inarudi kwenye jedwali la mwaka 1903. "Hannibal aliwaona ndege wakivuka Alps" imepita. "Hannibal aliziona ndege zikivuka Alps" imekamatwa.

Ila si kila mwandishi anafuata. Wengi tunasema "ndege zinalia mtini" na hakuna anayedhani kuna uwanja wa ndege juu ya mti. Kwa hiyo kiambishi nimekipa nafasi ya shahidi, si ya hakimu. Pakiwa na mti, kiota, yai au bawa karibu, programu inawasikiliza hao pia. Wakipingana, inarudisha swali kwa mwandishi: ndege yupi, au ndege ipi?

Siku ya 38

Neno la mwisho kwenye orodha lilikuwa taa. Sentensi: "Florence Nightingale alipita wodini usiku akiwa na taa." Programu imejibu vizuri bila msaada. Tukio ni hospitali ya Scutari, Istanbul, kati ya 1854 na 1856, hivyo taa ya umeme haiwezekani ingawa yeye aliishi hadi 1910, na neno taa lina maana nyingine inayokubalika. Yawezekana. Nilikuwa tayari kufunga faili.

Karatasi za Mwalimu zimefika mchana. Kwenye sentensi hiyo amekubali jibu, kisha amelipigia mstari neno taa. Wachoraji wengi walimpa Nightingale taa ndogo ya mafuta yenye mdomo, kama zile za Wagiriki wa kale, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Aliyokuwa nayo ni ya Kituruki, ya kukunjika, yenye pande za kitambaa na mshumaa ndani. Walimrudisha nyuma miaka elfu mbili, kama vile wengine walivyomsogeza Columbus mbele miaka mia moja. Waturuki huiita fanus.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, Mwalimu ameandika: "Neno tunalo. Andika fanusi."

Nimeandika fanusi.